Wateja wa Kwanza wa Ndugu Watatu

Aghalabu tarikhi ya usafiri wa anga husimuliwa kuwa tarikhi ya mashujaa walioruka: Orville na Wilbur Wright pale Kitty Hawk mwaka 1903, Louis Blériot aliyeuvuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1909, na wengine wengi ambao picha zao, wakiwa wamevaa miwani mikubwa na kofia za ngozi, zimejaa katika vitabu vya shule. Sina nia ya kuwapunguzia hao heshima yao, kwani aliyeihatarisha roho yake juu ya vijiti na kitambaa anastahili kukumbukwa. Walakini yako makundi mawili ya watu ambayo tarikhi hiyo huyapita haraka mno, nayo ni mafundi waliounda vyombo hivyo, na wateja waliotoa fedha zao kuvinunua wakati ambapo hapakuwa bado na chombo cha kuonyeshwa. Na kwa maoni yangu, taifa lolote linalotamani kuwa na viwanda vyake lenyewe litanufaika zaidi kwa kuyachunguza makundi hayo mawili kuliko kwa kuwasifu marubani. Nimechagua kueleza habari za karakana moja ya Kiingereza iliyoanza kwa udogo kabisa, karakana ya ndugu watatu wa ukoo wa Short, kwa sababu ndani ya habari zake mteja na fundi wanaonekana wazi wakitegemeana, na kwa sababu kazi za mikono yao zilifika kwetu, Rufiji, Kisumu na Lindi, ijapokuwa wachache miongoni mwetu wanalijua jina lao.

Baba yao, Samuel Short, alikuwa mhandisi katika machimbo ya makaa ya mawe ya jimbo la Derbyshire, na wanawe hao, Horace aliyezaliwa mwaka 1872, Eustace mwaka 1875 na Oswald mwaka 1883, walirithi kwake mapenzi ya mitambo. Horace, aliyekuwa mkubwa wa hao watatu, aliumia kichwani utotoni, akaugua homa ya uti wa mgongo iliyompanda ubongoni, na fuvu lake likakua kupita kiasi. Lakini katika kichwa hicho ambacho watu walikikodolea macho mlikuwa na akili ya uhandisi iliyo nadra. Alipokuwa kijana aliondoka kwao akazizunguka bahari za kusini na nchi za Amerika, akasimamia machimbo ya fedha huko Meksiko, kisha akarejea nyumbani na fikira ya kuunda chombo cha kukuza sauti kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, chombo ambacho mwaka 1900 kilisikika kutoka juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris. Baadaye akaajiriwa na Charles Parsons, yule mbunifu mashuhuri wa injini za mvuke za tabaini, na hapo huenda angedumu hadi uzeeni kama nduguze wasingemwita.

Nduguze hao wawili walikuwa wameshikwa na mapenzi mengine. Mwaka 1897 Eustace alinunua puto kuukuu lililojazwa gesi ya makaa ya mawe, akamwingiza na Oswald katika shughuli hiyo, na mara wakaona kwamba kulitengeneza puto kunawapendeza kuliko kulipanda. Wakaanza kuyashona wenyewe, kwanza katika mji wa Hove ulio pwani ya kusini, juu ya chumba ambamo Horace alikuwa akifanyia majaribio yake ya sauti, kisha London, na kufikia mwaka 1906 walikuwa wamekodi nafasi chini ya matao ya daraja la reli huko Battersea, jirani na kiwanda cha gesi, ili puto likamilikapo lijazwe pale pale. Kazi ya puto ni ya subira kubwa: vipande vya kitambaa hukatwa kwa kipimo kimoja, vyembamba ncha zote mbili na vipana katikati, hupangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa mshono maradufu, kisha hupakwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka gesi isipate mwanya wa kutoroka, na fundi akikosea kipimo kidogo katika kipande kimoja, kosa hilo hurudiwa katika vyote, na puto zima likaenda upogo. Mikono iliyozoea uangalifu wa namna hiyo haikuhitaji kufundishwa upya ulipofika wakati wa kushona mbawa. Jeshi la India likawaagiza maputo, na Charles Rolls, yule ambaye jina lake lingali limebandikwa kwenye magari ya kifahari, akawa mteja wao, nao wakapata kuwa wahandisi rasmi wa chama cha mabwana wa Kiingereza waliopenda anga, ndicho Aero Club.

Ikafika 1908. Katika majira ya kiangazi ya mwaka huo Wilbur Wright aliileta ndege yake Ufaransa, akairusha karibu na mji wa Le Mans mbele ya halaiki ya watu, na wale wanachama wa Aero Club waliokwenda kushuhudia wakarudi na habari zilizomkatisha Oswald tamaa ya maputo siku ile ile. Alitambua kwamba zama za puto zimekwisha, na kwamba wakitaka kuunda ndege hawana budi kumpata Horace. Nao wakampata, akaiacha kazi yake nzuri kwa Parsons, na mwezi wa Novemba 1908 ndugu watatu wakaandikisha shirika lao kwa mtaji wa pauni 600, kila mmoja akiwa ametoa 200. Nawaomba wasomaji waitazame vyema jumla hiyo. Hata kwa thamani ya pesa ya siku zile haikuwa mali ya kujengea kiwanda. Ilitosha mbao, kitambaa, waya, zana na mishahara ya muda mfupi. Kilichokiwezesha kiwanda kusimama hakikuwamo katika pauni hizo 600. Kilikuwa katika barua za wateja.

Kwani mara tu shirika lilipoandikishwa, Rolls aliagiza nyiririko, yaani ndege isiyo na injini, na Francis McClean, kijana tajiri aliyekuwa mwana wa mnajimu, akaagiza ndege kamili yenye injini, ilhali hakuna hata mmoja katika wale ndugu watatu aliyewahi kuunda kitu cha namna hiyo. Wenyeji wa pwani yetu hawatastaajabu sana kwa jambo hili, kwa maana ndivyo jahazi linavyoundwa tangu enzi na enzi: nahodha humwendea fundi anayemwamini, wakapatana urefu na upana na shehena, akaweka arubuni kabla mkuku haujalazwa wala mataruma hayajachongwa, na kutokea hapo fundi ana mbao, ana chakula cha vijana wake, na zaidi ya hayo ana deni la heshima ambalo halimruhusu kulala. Nahodha asipokuja, fundi hubaki na shoka lake na maarifa yake, na maarifa hayo huzikwa pamoja naye. McClean na Rolls waliweka arubuni kwa ndege, na hiyo ndiyo amali ambayo naona haijapata kusifiwa ipasavyo.

Mapema mwaka 1909 ndugu wa Wright, waliokuwa wakitafuta mtu wa kuwaundia ndege huko Uingereza, walikubali kwamba karakana hii ipewe leseni ya kuunda ndege sita kwa mfano wa yao, nazo zote sita zilikuwa zimeshapata wanunuzi miongoni mwa wanachama wa Aero Club. Ikawapo taabu moja: hapakuwa na michoro kamili ya kufuatwa. Horace akafunga safari hadi Pau, kusini mwa Ufaransa, ambako ndugu wa Wright walikuwa wakifundisha urubani, akaizunguka ndege yao na daftari mkononi, akapima kila uti, kila waya, kila pingili na kila pembe, akarudi nyumbani na vipimo ambavyo vilimwezesha kuchora michoro ya chombo kizima. Hivyo ikawa kwamba ndege zile sita, zilizoundwa kwa kufuatana kutoka mchoro mmoja, zinahesabiwa kuwa mwanzo wa uundaji wa ndege kwa mfululizo ulimwenguni. Na kwa hilo karakana ya pauni 600 ikayatangulia mashirika ambayo leo yana majengo ya kutisha.

Mabanda yao walikuwa wameyajenga katika kisiwa cha Sheppey, mahali paitwapo Leysdown, penye nyanda za majimaji na mifereji, karibu na mdomo wa mto Thames. Tarehe 4 Mei 1909 ndugu wa Wright wenyewe walifika hapo kuikagua kazi, wakapigwa picha pamoja na ndugu wa Short na wanachama wa chama mbele ya nyumba ya zamani iliyokuwa imefanywa makao yao. Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yalikwenda kwa wepesi. Ile ndege aliyoagiza McClean, ambayo ndiyo iliyopewa nambari ya kwanza katika daftari la shirika, ilipojaribiwa haikupaa kabisa. Chombo cha kwanza, cha mteja wa kwanza, kikakataa kuiacha ardhi! Mteja mwingine angalidai fedha zake na kuwatangaza mafundi hao mjini kuwa ni wababaishaji. McClean akaendelea kuagiza, akanunua kwao ndege baada ya ndege, na tena akanunua ardhi huko Eastchurch, mwendo mfupi kutoka Leysdown, akaikodisha kwa chama kwa ujira wa shilingi moja kwa mwaka ili wapate uwanja ulio bora, na mwaka 1910 karakana nayo ikahamia huko.

Ndege ya pili ilikuwa na bahati nyingine. Iliagizwa na John Moore-Brabazon, na tarehe 30 Oktoba 1909 akaipaisha, akaizungusha na kuirudisha ilipotoka, akiwa amemaliza maili moja ya duara, akajipatia zawadi ya pauni 1,000 iliyowekwa na gazeti la Daily Mail kwa Mwingereza wa kwanza atakayefanya hivyo kwa chombo kilichoundwa Uingereza. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, alimtia mwana wa nguruwe ndani ya kikapu, akakifunga kikapu hicho kwenye nguzo ya mbawa, akaruka naye, kwa kuwa Waingereza wana msemo kwamba jambo lisilowezekana litawezekana siku nguruwe watakaporuka. Picha ya tukio hilo ingalipo: kikapu cha ukindu cha kutupia karatasi, na juu yake kibao kinachotangaza kwamba huyu ndiye nguruwe wa kwanza kuruka. Wengi wameichukua habari hii kuwa mzaha mtupu, bali mimi naona ndani yake jibu zito, kwa sababu miaka miwili tu kabla ya hapo wenye busara wa London walikuwa wakitamka msemo ule ule juu ya wanadamu.

Miongoni mwa wateja wale wa ndege sita alikuwamo bwana mmoja ambaye jina lake watu wa Kenya wanalitamka kila siku. Maurice Egerton alinunua ndege ya Wright iliyoundwa na ndugu wa Short, akajifunza kuirusha juu ya nyanda za Sheppey, akapewa cheti cha urubani cha nambari 11 katika Uingereza nzima. Mwaka 1920 alirithi cheo akawa Lord Egerton wa Tatton, na maisha yake mengine aliyapitisha Njoro, katika Bonde la Ufa, kwenye ardhi ya walowezi, ambako alijenga kasri la mawe lililopo mpaka leo, na mwaka 1939 akaanzisha shule ya kilimo iliyokusudiwa vijana wa Kizungu peke yao. Shule hiyo baadaye ilifunguliwa kwa watu wote, ikakua, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Simtaji ili kumtakasa. Ardhi aliyokaa ilikuwa na wenyewe kabla yake, na ubaguzi wa mwanzo wa shule yake umeandikwa. Namtaja ili wanafunzi wa chuo kile wajue kwamba jina lililo langoni mwao ni la mtu aliyekuwa mteja wa karakana changa, na kwamba katika ujana wake alilipia kitu ambacho wenzake wengi wa tabaka lake walikiona kuwa ni kichekesho.

Gharama ya uteja huo haikuwa ya fedha tu. Rolls alikufa Julai 1910 ndege yake ilipovunjika angani huko Bournemouth, naye Cecil Grace, mteja mwingine wa ndege zile sita, alipotelea baharini Desemba mwaka huo huo akiwa ndani ya ndege ya Short, wala hakuonekana tena. Hata hivyo maagizo hayakukatika. Mwaka 1911 McClean aliwaazima wakuu wa jeshi la majini ndege zake ili maofisa wao wajifunzie, na maofisa wanne wakapelekwa Eastchurch, ambako Horace aliwafundisha elimu ya chombo chenyewe wakati mwanachama mwingine wa chama akiwafundisha kuruka. Na Januari 1912 mmoja wao, Charles Samson, alipaa kutoka juu ya sitaha ya manowari iliyoitwa Africa, akawa wa kwanza katika Uingereza kufanya hivyo. Mapema mwaka 1914 McClean aliichukua ndege kubwa ya majini ya Short hadi Iskandaria, na pamoja na Horace mwenyewe na wenzao wawili wakaufuata mto Nile hadi Khartoum, injini ikiwaharibikia mara kwa mara njiani, wakitengeneza kando ya mto na kuendelea. Mteja na fundi katika chombo kimoja, jua la Sudani likiwachoma wote wawili. Ushirika wa namna hiyo haupatikani kwa hati za zabuni.

Vita vikuu vilipoanza, karakana ilikuwa tayari imeanza kujenga kiwanda kingine cha ndege za majini huko Rochester, kando ya mto Medway, na Horace alikuwa amekwisha kubuni mbawa zinazokunjwa ili ndege ienee ndani ya meli. Ndege za mbawa hizo zilifika kwetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya Unguja mwezi wa Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, mahali ambapo meli kubwa haziwezi kuingia wala jicho la baharini haliwezi kuona. Waingereza walijaribu ndege za mashirika mengine, zikashindwa na joto na unyevu. Gundi ikaachia, rafadha zikatengana tabaka zake, injini zikakosa nguvu za kupanda. Mwezi wa Aprili 1915 zikaletwa kutoka Bombay ndege tatu za majini za Short, nazo hazikuwa mpya, na joto la mwambao wetu likazisumbua vivyo hivyo, lakini rubani John Cull aliweza kuruka na mojawapo juu ya delta na kuiona Königsberg ilipotia nanga. Ndege nyingine zilizorushwa kutoka Mafia zilizielekeza shabaha za mizinga ya Waingereza mwezi wa Julai, na tarehe 11 mwezi huo manowari ile ikafikia hatima yake. Mzinga wake mmoja umewekwa Mombasa katika Ngome ya Yesu, na watalii huupiga picha. Wapagazi na wavuvi wa Rufiji na Mafia walioingizwa katika vita visivyo vyao hawana mzinga wa kuwakumbusha, na hilo ni suala ambalo lingehitaji makala yake yenyewe.

Horace alifariki Aprili 1917, hajatimiza miaka 45. Vita vikaisha, maagizo ya serikali yakakauka kwa mara moja, na shirika lililokuwa limezoea kuunda mamia likajikuta halina kazi. Hapo ndipo Oswald, aliyekuwa mdogo wao, alipoonyesha kwamba naye ni fundi wa kweli. Ili mafundi wasitawanyike aliwapa kazi ya kuunda mabodi ya mabasi na mashua, na papo hapo, kwa fedha za shirika lenyewe, akaunda ndege iliyotengenezwa kwa madini ya duralumini mwili mzima, ngozi yake ikibeba uzito badala ya kitambaa kilichovutwa juu ya mbao. Ndege hiyo, Silver Streak, iliruka mwaka 1920. Wizara ya Anga iliinunua, ikaipima kwa mizigo hadi kuivunja huko Farnborough, ikaona ugumu wake ni wa ajabu, kisha maagizo yakawa haba. Yaliyotangulia na haya yakipambanishwa, tofauti ni dhahiri: McClean alipewa ndege isiyopaa akaagiza nyingine, na wizara ikapewa ndege bora kuliko za zama zake ikasitasita. Sisemi kwamba wakuu wa wizara walikuwa wajinga. Walikuwa waangalifu, nao uangalifu wa mnunuzi mkubwa unaweza kumfilisi fundi sawasawa na uzembe wake.

Walinusurika kwa sababu ya maji. Maarifa ya madini na maarifa ya vyombo vya kutua juu ya maji yalipokutana, zikazaliwa mashua za kuruka ambazo rubani Alan Cobham alizunguka kwa mojawapo Afrika nzima mwaka 1927 na 1928, na ambazo kuanzia mwaka 1931 zilichukua abiria na barua baina ya Khartoum na Kisumu. Kisha shirika la Imperial Airways likaagiza kwa Short mashua 28 za kuruka zilizobuniwa na Arthur Gouge, likiwa limeona michoro tu, na ya kwanza, Canopus, ikaruka Julai 1936. Huo ulikuwa tena uteja wa aina ya McClean, safari hii kwa kiasi cha shirika kubwa: vyombo 28 ambavyo havijawahi kuonekana na mtu. Kutoka mwaka 1937 zilishika njia ya Southampton hadi Durban, zikitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na wazee wengi wa miji hiyo waliishi wakisimulia jinsi chombo chenye injini nne na mbawa za zaidi ya mita 34 kilivyokuwa kikiteleza juu ya maji ya bandari na mashua za doria zikiwafukuza wavuvi njiani mwake.

Machi 1939 mojawapo, Corsair, ilipotoka Port Bell kuelekea Juba, ilipotea njia kwa hitilafu ya chombo cha kuonyesha mwelekeo, na mafuta yalipokaribia kwisha rubani akaitua juu ya mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji, mto ambao haukuzidi sana upana wa mbawa zake. Watu wote walipona. Chombo kikapasuka tumbo kwa jiwe. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza walikiziba, wakajaribu kukipaisha, kikagonga tena. Na ndipo wenyeji, kwa mamia ya mikono, walipouziba mto kwa bwawa ili maji yajae na kuwa ziwa la kupaia. Januari 1940, baada ya miezi kumi, Corsair ikapaa. Chombo kiliundwa Rochester, lakini kama si udongo na magogo yaliyobebwa na watu wa Faradje, kingalioza pale pale.

Eustace hakuyaona hayo. Alikuwa amejifunza urubani katika umri mkubwa, na Aprili 1932, akirusha ndege ndogo ya shirika lao, aliitua juu ya mto Medway, na waliomfikia wakamkuta amekwisha kufa kwa moyo. Akabaki Oswald peke yake, hadi mwaka 1943, katikati ya vita vya pili, serikali ilipolitwaa shirika zima kwa sheria za dharura ikidai kwamba uundaji haukuwa wa kuridhisha, ilhali humo ndimo zilimotoka ndege za Sunderland zilizolinda misafara ya meli na Stirling zilizobeba mabomu. Oswald alikuwa tayari amekwisha kuondoka katika uongozi. Aliishi mpaka 1969, mwenye cheo cha heshima tupu katika shirika lenye jina lake. Kiwanda cha Rochester kikafungwa baada ya vita, kazi ikahamishiwa Belfast. Kwa hiyo sitasema kwamba serikali ikiwa mteja basi mambo yote yametengemaa: karakana yenye mnunuzi mmoja peke yake iko mikononi mwake, na siku akitaka kuimeza ataimeza. Wateja wa Leysdown walikuwa wengi, kila mmoja na mapenzi yake, na ndiyo maana kifo cha Rolls hakikuua karakana.

Sasa wapo watakaosema kwamba mabwana wale walikuwa na mali iliyotokana na mashamba makubwa na biashara za dola, na kwamba sisi hatuna akina McClean. Jibu langu ni kwamba tunao, nao ni bajeti zetu. Serikali zetu, halmashauri za miji, mamlaka za bandari na mashirika ya hifadhi hununua kila mwaka mashua za doria, mashua za kubebea wagonjwa visiwani, mashine za kukobolea, mitambo ya kupandishia maji, na mara nyingi zabuni huandikwa kwa masharti ambayo fundi wa Mwanza, wa Kigoma, wa Tanga au wa Lamu hawezi kuyatimiza, kwa kuwa anatakiwa aonyeshe kwamba amekwisha kuuza vingi vya aina hiyo. Kwa sharti hilo ndugu wa Short wasingaliuza hata ndege moja. Na tusidhani kwamba ndege ziko mbali nasi mno: pale Morogoro ndege ndogo za watu wawili zimekwisha kuungwa, na walioziunga ni vijana wenye mikono kama ile ya Battersea.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinapimika. Taasisi inayonunua mashua kumi kwa ajili ya Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika iagize mbili kwa karakana ya hapa nchini, itoe arubuni mkuku ukilazwa, imtume ofisa wake mmoja akae karakanani mpaka chombo kishushwe majini, kama maofisa wale wanne walivyokaa Eastchurch, na ikitokea mashua ya kwanza ikavuja, irudishwe kwa fundi yule yule pamoja na agizo la pili. Mawaziri wa viwanda wa nchi zetu hukutana Arusha kila mara. Sharti la ushahidi wa mauzo ya zamani kwa vyombo vya gharama ndogo wanaweza kulifuta katika kikao kimoja.